Somo Yake Golikipa

Golikipa wa timu ya taifa alikwenda redioni akijua ataulizwa habari za penalti aliyodaka Jumamosi. Kumbe studio ilikuwa na wageni wengine. Kiti kimoja alikikalia mwimbaji ambaye sura yake ilibandikwa kila ukuta mjini. Kingine alikikalia mama mmoja mkimya, buti zake zina vumbi la saruji.

"Leo nina wageni watatu, jina moja," mtangazaji akasema, furaha imemjaa tele. "Mwimbaji, golikipa, na mhandisi aliyejenga daraja kubwa la mtoni. Nikiliita hilo jina, ataitika nani?"

Wakaitika wote kwa mpigo, wakaangua kicheko.

"Somo yangu," mwimbaji akamgeukia golikipa, "ile siku uliyofungwa mabao matano, nilizomewa mimi ukumbini."

"Unisamehe, somo. Na mimi kila nikienda harusini naambiwa niimbe, na sauti yenyewe ndiyo hii."

Walitaniana hivyo, lakini golikipa macho hayakumbanduka mhandisi. Moyo ulimwenda mbio kuliko siku ya penalti. Mwishowe uvumilivu ukamshinda.

"Mama, ni wewe uliyewashusha mafundi darajani kabla jukwaa la ujenzi halijaanguka?"

Mhandisi akashtuka. "Nani kakusimulia? Hayo ni ya zamani. Nilisikia vyuma vinalia vibaya, nikaamuru kila mtu ateremke. Wakubwa walinijia juu, eti nawachelewesha. Jioni ile ile jukwaa likaporomoka."

"Baba yangu alikuwa huko juu. Mama alikuwa na mimba yangu. Nilipozaliwa, bibi alishanichagulia jina, baba akakataa katakata. Akasema nitaitwa jina la yule mhandisi."

Mwimbaji alikuwa anajifuta machozi kwa kiganja. Taa ya simu ikawaka, na sauti nzito ikajaa studio.

"Mimi ndiye baba yake golikipa, nawasikiliza hapa nyumbani. Mhandisi, siku ile nilitaka kuja kukushukuru, miguu ikawa mizito. Tulijua wamekukaripia kwa ajili yetu."

"Nilidhani mmenichukia," mhandisi akasema polepole. "Niliwakatizia kazi, na hakuna aliyenisemesha."

"Tukuchukie wewe? Tulikuwa tunakuogopa tu, mama. Humu ndani jina lako huitwa kutwa nzima. Kwanza njoo Jumapili uwanjani, nitakuwekea kiti."

Golikipa akavua vipokea sauti vya masikioni, akazunguka meza, akamkumbatia somo yake kwa nguvu hata miwani ikaenda upande. Mtangazaji alitakiwa kusoma matangazo, akayaacha.

Jumapili mhandisi alikuja. Mpira hakuujua hata kidogo. Kipindi cha pili kilipoanza, alimshika mkono yule fundi aliyemwalika na kumuuliza kwa wasiwasi mbona mtoto wamemhamishia goli lingine, na baba mtu akamweleza kila kitu tangu mwanzo, huku anacheka.