Nguvu Iliyopotea Kwenye Pampu ya Thangavel

Umeme wa mashambani ulirudi Kokila akiwa anachekecha unga wa ulezi, na kule kisimani pampu ya mumewe ikaanza kuvuta maji. Papo hapo mama mkwe wake, Ponnuthayi, ambaye magoti yake yalikufa miaka mingi iliyopita, aliinuka kwenye kitanda cha kamba, akachukua kopo la maji na kwenda zake haja, vichakani nyuma ya shamba la bizari ya manjano. Umeme ukikatika, na magoti hukatika. Nyumba nzima ilikuwa imeshazoea.

Kabla ya pampu hiyo, Kokila ndiye aliyembeba mgongoni, kwenda na kurudi, jua na mvua. Mgongo ulianza kumpinda angali kijana. Thangavel, mumewe, aliahidi kujenga choo kila mavuno, na kila mavuno yakapata kazi nyingine. Mwaka huu yalinunua pampu ya nguvu za farasi kumi na tano, kwa sababu jirani yao Palani alikuwa na ya kumi.

Lakini manjano ya mwisho wa shamba yalikuwa yanakauka, ikabidi aitwe fundi Arokiasamy. Fundi aliifungua pampu, akachungulia, akaifunga.

"Kaka, hii imekizidi kisima. Inataka maji mengi kuliko yanayoingia. Basi hayo machache yanapigana vikumbo humo ndani, yanazunguka mpaka yanachoka. Nusu ya umeme inaishia hapo."

"Yaani kosa la pampu yangu ni ukubwa? Ama kweli wivu hauna dawa!"

Fundi aliweka kiganja juu ya chuma. "Ila nguvu ikipotea hivi, hutoka kwa joto na kelele. Hii imepoa na imenyamaza. Sasa inakwenda wapi?"

Kokila alionyesha kwa kidevu. "Ile pale, inaanua pilipili."

Ponnuthayi alikuwa ameshakunja mkeka wa pilipili na anaubeba ndani. Fundi aliitikia kwa kichwa, hesabu zake zimekubali. "Sawa. Nikiweka gurudumu dogo la kusukumia maji, nguvu haitapotea tena na maji yatafika mwisho wa shamba. Ila bibi atarudi kukaa."

Thangavel aliyatazama manjano yake, roho ikamlegea. "Haya, weka."

Kokila alishikwa na hofu ya kweli. Alijua kuwa akiutaja mgongo wake hatasikilizwa, maana ameshautaja sana.

"Weka tu, fundi," akasema. "Akina Palani wakiuliza, tutawaambia tumepunguza farasi."

Thangavel alikohoa. "Nani kasema tunapunguza? Fundi, kunywa chai uende zako."

Kokila alifarijika, akakaa kizingitini. Kisha akammiminia fundi chai ya pili na kumjazia sukari.

"Mavuno haya nanunua ya farasi ishirini," Thangavel alitangaza fundi alipoondoka.

"Na choo?"

"Choo cha nini tena? Mama si anatembea?"

Jua lilipopungua, mama mkwe akachukua tena kopo lake, na baada ya kitambo umeme ukakatika. Sauti ikatoka katikati ya manjano.

"Wee Kokila! Nimekwama huku!"

"Ulikuwa unakwenda au unarudi, mama?"

"Narudi, mwanangu."

"Afadhali," akasema Kokila, akachomeka pindo la sari kiunoni na kwenda kumbeba.