Harufu Aliyobebeshwa Mzee Wangu

Sisi watu wa nyumba hii tuna ugonjwa mmoja: tunasitiriana kupita kiasi. Mkwe wangu, mke wa kijana wetu, akiunguza mboga, tunakula wote na kusifia. Kijana wetu alipoachishwa kazi, tulikuwa tunamuaga kila asubuhi kama mtu anayekwenda ofisini, na kila mmoja wetu anajua fika kwamba anakwenda kukaa kwenye benchi la stesheni mpaka jioni. Jioni akirudi tunampa pole ya kazi. Sikatai, kuna upendo ndani yake. Lakini mimi niliolewa humu nikiwa na mdomo wangu, na mpaka leo sijauzoea upendo wa namna hiyo.

Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa fundi wa kuziba pancha. Maisha yake yote aliyatumia amechuchumaa kando ya barabara, na magoti yakaja kumdai uzeeni. Siku moja alikaa chooni akashindwa kuinuka. Hakuita mtu. Alikaa humo mpaka kijana wetu alipogonga mlango, tena akajibu kwamba anasoma gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa mezani sebuleni, naliona kwa macho yangu.

Kijana akaamua kumfungia baba yake chuma cha kushikilia, pale ukutani kando ya choo.

"Ita fundi," nikamwambia.

"Mama, fundi ataingia, ataona chuma, atauliza cha nani. Kesho mtaa mzima utajua baba hawezi kuinuka mwenyewe."

Akaazima drili, akatoboa ukuta mwenyewe. Vumbi likajaa nyumba nzima, vigae viwili vikapata nyufa, lakini chuma kikakaa. Mzee akakijaribu, akainuka, akakaa, akainuka tena. Siku hiyo alitabasamu mpaka nikaona pengo la jino analolifichaga. Nilimpenda sana kijana wetu siku ile, nasema kweli.

Haukupita muda, choo kikaanza kunuka.

Haikuwa harufu ya choo kilichosahauliwa kusafishwa, hiyo kila mtu anaijua. Hii ilikuwa ya chini ya ardhi, ya yai viza, nzito, inakuja na kupotea. Na ubaya wake ni kwamba ilikuja zaidi kila mzee alipotoka humo. Akitoka yeye ukiingia wewe, unakutana nayo uso kwa uso. Wengine wakitumia choo, hakuna neno.

Basi watu wakafanya hesabu zao kimyakimya, na jibu likawa mzee. Ni mtu mzima, mwili umechoka, labda kibofu hakishiki, labda hajipanguzi vizuri. Hakuna aliyelitamka. Mkwe wangu akawa anaamka alfajiri kusugua sakafu kabla watu hawajaamka. Kijana akaleta dawa za kumwaga, kisha marashi ya kupuliza, ya waridi, ya limau, ya msitu sijui gani. Choo kikawa kinanuka kama jalala lililoalikwa harusini.

Mimi nilijua si yeye. Mwanamume nimelala naye tangu nikiwa msichana nisiyejua hata kupika wali, nimeuguza malaria zake, nimefua ovaroli zake, nitashindwaje kujua anavyonuka? Nikamwambia mkwe wangu jikoni, "Mwanangu, ile harufu si ya baba yenu."

Akaniangalia kwa huruma, macho yakamlegea. "Ndiyo, mama," akasema.

Katika nyumba hii, "ndiyo, mama" ina maana kwamba sikuamini lakini nakusitiri. Nilipandwa na hasira nikatamani kumrushia mwiko. Nikamfuata kijana, nikamtaka amlete fundi bomba. Akashusha sauti, akafunga na mlango.

"Fundi akija akainusa, halafu akasema bomba ni zima? Tumwaibishe baba mbele ya mtu baki?"

Mjukuu wetu ndiye aliyelimaliza. Ni mtoto wa kike, bado hajafika umri wa kujifunza ugonjwa wetu. Tulikuwa mezani. Akatoka chooni ameziba pua, akauliza kwa sauti kubwa, "Mbona babu akitoka chooni kunanuka hivi?" Mama yake akamfinya na kumwambia "Shh!", baba yake akaanza kukohoa kikohozi cha uongo, nami nikafungua mdomo kusema lakini mzee alikuwa ameshaweka kijiko chini. Mtoto angeachwa aseme tu, huenda mzee angecheka. Ile shh ndiyo iliyomjulisha kwamba jambo lenyewe limejadiliwa na watu wazima.

Toka siku hiyo akawa mtu mwingine. Anaoga asubuhi, anaoga mchana, anaoga jioni, anajisugua mpaka ngozi ya mikono inachubuka. Anabadilisha shati wakati shati halijapata hata jasho. Kiti chake akakihamishia uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo, akisema kwamba kule kuna upepo. Chakula akawa anakula baada yetu. Nikimwambia, "Baba watoto, si wewe, ni choo," ananiitikia vizuri, ananishukuru, halafu anakaa kulekule uani.

Akaja kuanguka. Safari hii hapakuwa na gazeti la kujifichia. Tulimkuta amelala kando ya kiti, midomo imemkauka na ulimi hauwezi kutamka neno. Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari akatuita pembeni akatuambia mwili umekauka, mzee hajanywa maji ya maana kwa muda mrefu, figo zimechoka sana. Akatuuliza kama alikuwa anapewa maji. Jagi lilikuwa linajazwa na kuwekwa karibu yake kila siku, na kila jioni tulilikuta tupu. Baadaye mkwe akakumbuka kwamba ule mchicha wa kando ya kiti chake ulikuwa umestawi kuliko wote uani.

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo zake. Kijana na mke wake walikuwa wamenitangulia. Choo hakikuwa kinanuka. Nilimwona mkwe akivuta hewa mlangoni pale, akashusha mabega, kisha akaona kwamba namtazama, akainamisha kichwa. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Lakini moyo uliniuma kana kwamba mtu amenikanyaga kidonda, kwa sababu hata mimi niliivuta ile hewa safi.

Nikaingia chooni, nikajifungia. Nililia humo kwanza, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii mtu anapoweza kulia bila kuletewa chai. Nilipomaliza, nikataka kuinuka. Na mimi magoti yangu si ya jana. Kile chuma sikuwa nimewahi kukigusa, kwa kuwa tulikiita cha baba, na katika nyumba hii kitu cha mtu ni cha mtu. Siku hiyo nikakishika, nikaegemeza uzito wangu wote.

Ikaja.

Ilinipiga usoni, ileile, ya yai viza. Nikaachia chuma, ikapungua. Nikavuta tena, nikasikia kile kisahani cha chini kinachoshika chuma kinacheza ukutani, na harufu ikaja tena. Nilipiga kelele mpaka wakaja kugonga mlango wakidhani nimeanguka.

"Nileteeni sabuni ya maji na bakuli!"

Hili nimefundishwa na mzee wangu mwenyewe. Tairi ikipoteza upepo na tundu halionekani, unapaka povu, unatazama litakapochemka. Nikapiga povu zito, nikapaka kuzunguka kisahani cha juu, kimya. Nikapaka cha chini, nikamwambia kijana avute chuma. Povu likaanza kutoa mapovu makubwa, moja baada ya jingine, yanapasuka na kunuka. Kijana alitazama ukuta, akatazama mikono yake.

"Kuna bomba humo," akasema. "Mama, nilitoboa bomba."

"Sasa ita fundi," nikamwambia. Na safari hii aliita.

Fundi bomba akaja na patasi na nyundo, akavunja vigae. Ndani ya ukuta kulikuwa na bomba la hewa, lile linalopanda kutoka kwenye shimo la maji machafu kwenda kutolea harufu juu ya paa. Skrubu ya chini ilikuwa imelitoboa, na kila chuma kilipovutwa skrubu ilicheza na tundu likapumua ndani ya choo chetu. Hakuna mwingine aliyekuwa anakivuta chuma kile. Kijana wetu alikifunga kwa ajili ya baba yake, na baba yake ndiye aliyekuwa anakitumia, akiifungulia harufu kwa mkono wake mwenyewe kila anapoinuka.

Fundi alikata kipande kilichotoboka, akaunga kipya kwa gundi, akasubiri kikauke, akaziba ukuta. Chuma akakihamishia ukuta wa pili, baada ya kugonga kila mahali kwa kidole kusikiliza. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Hakukuwa na harufu. Mkwe wangu akaniangukia miguuni akiomba radhi, nikamwambia asiniombe mimi.

Tukaenda hospitali wote, mpaka na mjukuu. Nilibeba kile kipande cha bomba ndani ya mfuko, na skrubu yake. Njia nzima nilikuwa naipanga hotuba, naona atakavyocheka, atakavyomtania kijana kwamba mtoto wa fundi pancha ametoboa badala ya kuziba.

Alikuwa macho. Uso umevimba, lakini akili yake yote ipo. Nikamwekea kipande cha bomba kiganjani, nikamshikisha tundu kwa kidole chake, nikamweleza kila kitu, chuma, skrubu, povu. Kijana akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, ni mimi niliyetoboa. Harufu ilikuwa ya bomba. Hukuwa wewe hata siku moja."

Mkwe akasema hivyohivyo huku analia. Mtoto naye akasema, "Babu, ni ukuta ulikuwa unanuka."

Mzee akaligeuzageuza lile bomba. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kwa upendo ambao sijawahi kuuona usoni pake hata siku ya harusi yetu. Akamwekea kijana mkono kichwani.

"Mmejitahidi sana, wanangu," akasema. "Mpaka bomba mmelitafuta, mkalitoboa. Mungu awalipe."

Mwanzoni sikumwelewa. Nilipomwelewa, nikakaa kitandani.

"Baba watoto, hatukusitiri! Mimi nilishawahi kukusitiri lini? Mimi?"

"Hujawahi," akasema. "Ndiyo maana najua imekugharimu."

Nikaapa. Nikaapa kwa wazazi wangu waliokufa. Nikamkumbusha yale mapovu, kazi yake mwenyewe, nikamwambia niliyaona yakichemka kwa macho yangu haya. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila ninapotua, jinsi tulivyokuwa tunamwitikia kijana akitusimulia habari za ofisini. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayenituliza, kwamba alijaribu kupunguza maji ili asijichafue, na kwamba anasikitika dawa yake hiyo haikusaidia.

Wengine walitolewa muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Mimi muuguzi aliniacha, akijua figo zile zilipofikia. Mzee wangu hakutoka hospitali ile.

Tulipobaki wawili, nililaza kichwa changu begani kwake, nikalia bila kujificha. Akanipapasa mkono kwa muda, kisha akanisukuma polepole kwa kiganja.

"Toka nje kidogo, mama watoto," akasema. "Ukapate hewa safi."

Sikutoka. Nilibaki nimemlalia bega, naye akawa anajivuta kuelekea upande wa ukuta, kidogo kidogo, ili aniondolee kero.