Njia ya Kupitia Njombe

Eveline alipiga simu Jumapili, wakati baba yake ndiyo kwanza ametoka kanisani na hata koti hajavua. Alisalimia, akauliza habari za presha, akauliza habari za mvua, kisha akasema jambo lililomfanya apige. Mwaka huu yeye na kaka yake Edward wameona Krismasi wasije nyumbani Kichiwa. Wangekwenda Kitulo, kwenye hifadhi ya maua, wao na familia zao.

"Watoto wanaisikia tu shuleni, Baba. Bustani ya Mungu, Bustani ya Mungu, na kwao ni huko huko. Wenzao wakiwauliza hawana la kujibu."

"Hilo kweli," mzee Manase alisema.

"Sasa wewe ndiye uliye karibu. Sisi tutakutana njiani, tuje na basi mpaka Makambako. Tunaomba ututafutie gari la kutupandisha huko juu, na mahali pa kulala. Mimi nikiangalia kwenye simu kila nyumba naiona nzuri. Wewe unajua kuchagua."

Manase alikubali, na kwa kweli alifurahi. Tangu mkewe Tabea afariki, simu za watoto zilikuwa za kumuuliza tu kama amekula na kama amekunywa dawa. Ilikuwa muda mrefu hajaombwa kufanya kazi yoyote ya maana. Lakini alipoiweka simu mezani alikumbuka vile vyumba viwili vya nyuma. Alikuwa amevipaka chokaa mwezi uliopita na kununua magodoro mapya, kwa sababu mwaka jana wajukuu walilalamika kwamba magodoro ya zamani yanawachoma. Hakuwa amewaambia. Alitaka waje wakute.

Jumanne akavaa viatu vya kanisani, akamwomba jirani yake Xaveri amwangalizie ng'ombe, akapanda gari la Makambako.

Pale jirani na stendi kulikuwa na ofisi ndogo ya dada mmoja aitwaye Pendo, anayekodisha magari na kupanga safari za wageni. Pendo alimpa kiti, akamsikiliza, akamtoa nje kumwonyesha magari. Kulikuwa na Hiace, kubwa na ya bei nafuu, na Land Cruiser ya zamani yenye viti virefu vya kutazamana nyuma. Dereva wa Land Cruiser alikuwa amelala chini ya gari akikaza kitu. Alitoka, akajifuta mikono, akasema anaitwa Dionis na anakaa Mjimwema, Njombe.

"Kamwene, Baba," Dionis akamsalimia Kibena.

"Kamwene."

Manase alizunguka gari lote. Aliinama akapitisha kiganja juu ya tairi moja moja. Aliomba liwashwe, akasimama nyuma kuangalia rangi ya moshi. Aliuliza breki zimefanyiwa kazi lini, na kama dereva anakunywa. Dionis alicheka, akasema aliacha alipookoka. Manase hakucheka. Alikuwa anakabidhi wajukuu zake watano.

"Hiace haitafaa," Dionis alisema. "Ndani ya hifadhi kuna njia za udongo, na huu mwezi wa mvua. Mtaishia kuisukuma. Ila kuna jambo la kuamua, Baba. Njia ziko mbili. Mnaweza kwenda na lami ya Mbeya mpaka Chimala, halafu mpande mlima kwa zile kona. Au mpite Njombe, mwende Makete, muingie Kitulo kwa upande wa huku. Ya Chimala inaonekana fupi."

"Wewe ungepita ipi na watoto?"

"Mvua ikinyesha? Njombe. Zile kona utelezi wake siuamini, na watoto watatapika wote."

Manase aliijua hiyo njia. Njia ya Njombe inapita njia panda ya Kichiwa. Kutoka pale mpaka mlangoni kwake ni karibu. Aliwaza gari lile likikata kona, likiingia uani, watoto wakishuka na kukimbilia kwenye vile vyumba vya nyuma. Aliwaza wakila chakula cha mchana mezani kwake, hata kama ni mchana mmoja tu, kisha waendelee na safari yao. Dereva alikuwa ametoa sababu nzuri, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Hii nyingine hakuna aliyehitaji kuijua.

"Basi tupite Njombe," alisema.

Wakarudi ofisini kuchagua mahali pa kulala. Pendo alimwonyesha picha kwenye simu. Kulikuwa na mahema, Manase akayakataa kabla picha haijafunguka vizuri. Kitulo mtu anaamka na barafu kwenye majani. Kulikuwa na nyumba ya wageni kijijini, yenye maji ya moto ya bomba na televisheni, lakini ni mbali na maua, na kila asubuhi wangepoteza muda barabarani. Na kulikuwa na nyumba moja ya mbao jirani kabisa na hifadhi, yenye vyumba vitatu na sebule ya kuwashia moto. Maji ya kuoga yanachemshwa na kuletwa kwa ndoo.

"Blanketi ngapi kila kitanda?" Manase aliuliza.

Pendo alipiga simu kuuliza. Mbili.

"Waongeze ya tatu kwa watoto. Na kuni ziwe kavu. Mwulize kama wanazo kavu."

Pendo akauliza na hilo. Kisha akavuta karatasi agawe vitanda. Manase alifungua ujumbe wa Eveline na kumsomea: Edward na mkewe Jane, Eveline na mumewe, na watoto watano, mkubwa wao Jasmine binti wa Edward. Pendo aliandika huku anahesabu kwa midomo.

"Wamejaa vizuri," alisema. "Wazazi wana vyumba vyao, watoto wote kile kikubwa. Na wewe mzee, unalala wapi?"

Manase aliangalia tena ule ujumbe. Aliusoma kutoka juu mpaka chini, polepole. Ulikuwa umeandikwa kwa makini, mpaka umri wa mtoto mdogo kuliko wote. Jina lake halikuwepo. Tangu Jumapili alikuwa akijiona amekaa mbele karibu na dereva, akiwaonyesha wajukuu mashamba ya miti na chai, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba anakwenda.

"Ngoja niulize kitu," alisema, akatoka nje.

Alisimama ukutani, mbali na kelele za wapiga debe, akampigia Eveline.

"Nimepata nyumba nzuri," alimwambia. "Ina vitanda vya kuwatosha ninyi tisa. Nilikuwa nauliza tu kama ndio tisa."

"Ndio, Baba. Au kuna mtu nimemsahau? Mimi na baba watoto, Edward, Jane…" Akawataja wote. Kisha sauti yake ikapungua. "Baba. Wewe tulidhani… ile baridi, na presha yako. Na ng'ombe. Edward alisema hutakubali kuwaacha ng'ombe."

"Ng'ombe kweli," Manase alisema haraka. "Nani atawakamua? Hapana, mimi nilikuwa nahakikisha hesabu tu."

"Una uhakika, Baba?"

"Nina uhakika."

Akarudi ndani. "Wako tisa," alimwambia Pendo. "Mimi nina ng'ombe." Pendo alimwangalia, akampigia simu mwenye nyumba.

Ile habari ya njia Edward hakuipenda. Alipiga mwenyewe jioni ile, akasema kwenye ramani ya simu Chimala ni karibu zaidi. Manase akamweleza utelezi na kona na watoto kutapika. Edward akakubali. Hapo ndipo baba yake aliposema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba kwa kuwa watapita, chakula cha mchana kitakuwa tayari.

"Tutaona, Baba. Itategemea basi."

Mkesha wa Krismasi Manase aliamka akachinja majogoo wawili. Mke wa Xaveri, mama Dorosela, alikuja kumsaidia kupika. Wakachemsha viazi, wakapika wali, wakachemsha maziwa. Manase alitandika vitanda vya nyuma ingawa alijua hakuna atakayelala. Alisema moyoni kwamba mtoto mdogo anaweza kutaka kujinyoosha kidogo.

Saa saba hakukuwa na habari. Saa nane hakukuwa na habari. Ilipokaribia saa tisa na nusu Edward akapiga. Basi lilikuwa limechelewa njiani, ndio kwanza wanaondoka Makambako na Land Cruiser, na dereva anasema wakizubaa giza litawakuta hawajafika.

"Hatutaingia kijijini, Baba. Tope lote hilo. Njoo hapo njia panda tukusalimie."

Manase na mama Dorosela walipakia chakula kwenye hotpoti, wakazifunga na khanga. Akaita bodaboda, akakaa nyuma amezikumbatia. Pale njia panda alisimama kwenye manyunyu mpaka akaliona gari linakuja.

Dionis alipaki pembeni, hakuzima injini. Milango ikafunguka. Eveline alishuka akamkumbatia, akaanza kulia kidogo na kucheka. Edward alikuwa amenenepa. Watoto wawili walikuwa wamelala, mmoja alikuwa na simu, mdogo alimwogopa akajificha kwa mama yake. Jasmine ndiye aliyeshuka mwenyewe. Alikuwa amekua, anamfika babu yake begani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaeni mle basi, chakula bado kina moto."

"Tutakulia humo garini, Baba," Edward alisema, akizipokea hotpoti na kuzipanga chini ya viti. "Asante sana. Umepata shida."

Jasmine alichungulia ndani ya gari, kisha akamwangalia babu yake. "Babu, begi lako liko wapi? Wewe unakaa kiti kipi?"

 Jane alijifanya anamfunika mtoto. Eveline alimshika baba yake mkono.

"Panda, Baba. Kweli. Panda hivi hivi ulivyo, tutabanana. Xaveri si yupo? Atawaona ng'ombe."

Manase alitamani sana. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umesogea. Lakini ile nyumba aliichagua yeye. Alikijua kila kitanda na nani atakilalia, alijua idadi ya mablanketi, na alijua kwamba mtu wa kumi angelala kwenye kiti sebuleni, na asubuhi watu wazima wangeanza kugombania kumpisha, na safari yote ingekuwa habari ya mzee kalala wapi.

"Nendeni," alisema. "Giza linawajia. Dionis, taratibu huko Makete."

"Sawa, Baba."

Gari likaondoka. Jasmine alipunga mkono kwenye kioo cha nyuma mpaka lilipopinda.

Siku ya Krismasi kanisani watu walimuuliza, "Watoto wamefika?" Akajibu kwamba wamefika, wako Kitulo. Wengine walisema ana bahati kuwa na watoto wenye uwezo wa kutembea. Mchana picha zikaanza kuingia kwenye simu: maua ya manjano, maua ya zambarau, watoto wamevaa makoti, moto unawaka sebuleni. Alizitazama moja moja, akazikuza kwa vidole aone kama wamevaa soksi. Kuni zilionekana kavu.

Siku ya kurudi, Edward alipiga. Mvua ilikuwa imekatika, njia ya Chimala imekauka, kwa hiyo waliamua kushukia huko na kudakia basi la kutoka Mbeya hapo hapo. Walikuwa tayari ndani ya basi.

"Safari njema," Manase alisema.

Alikuwa uani akikata majani ya ng'ombe aliposikia gari. Land Cruiser ilikuja polepole kwenye tope, ikasimama. Dionis alikuwa peke yake, amewaacha Chimala na sasa anarudi kwake Mjimwema.

"Nimesema nipite nikwambie watu wako wako salama."

Manase alimwingiza ndani, akamwekea chai na viazi vilivyobaki. Dionis alikaa kwenye kiti ambacho Edward hukalia akija, bila kujua, akala sana. Manase aliuliza kila kitu. Walilala vizuri? Walilala. Watoto walitapika? Mmoja, kwa kula wali mwingi. Edward? Edward siku ya kwanza alizunguka kilima kizima akitafuta mtandao wa simu, akapata wa kutuma picha tu. Siku ya pili alikata tamaa, akacheza mpira na watoto kwenye maua mpaka akaanguka. Manase alicheka. Akauliza alianguka vipi, Dionis akasimama kumwonyesha, wakacheka wote wawili.

"Na yule binti mkubwa," Dionis alisema akikaa tena, "kila ua aliuliza jina lake. Mimi sijui majina. Akasema babu angejua."

Manase aliinuka kumwongezea chai. Yale maua anayajua, mengi yake kwa Kibena tu.

Dionis alipoondoka, mzee alibaki amesimama mlangoni kwa muda. Kisha akapiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Eveline alipokea katikati ya kelele za basi.

"Baba? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mwakani mkipanga safari nyingine, mimi mnihesabu."

"Unasemaje? Sikusikii vizuri."

"Nasema mnihesabu. Kitanda changu kiwepo."

Injini ya basi ilinguruma. "Lakini Baba, nilikuuliza. Ulisema hutaki."

"Nilisema nina ng'ombe. Sikusema sitaki."

Eveline alivuta pumzi. "Baba, mimi…" alianza, na mtandao ukakatika. Labda walikuwa wanashuka mlima Kitonga. Manase alijaribu tena, akaambiwa namba haipatikani. Alikaa kwenye benchi la nje, simu mkononi, akingoja. Upepo ulikuwa umeanza kuwa wa baridi. Ndama alilia bandani, mama yake akaitikia. Baada ya kitambo mzee akaongeza sauti ya simu mpaka mwisho, akaiweka kwenye mfuko wa koti, akachukua ndoo akaenda kukamua.