Filimbi ya Pili

Siku moja kabla ya Jamhuri, Fahima aliketi juu ya ukingo wa mto Tana, karibu na kijiji cha Wema, akijiandaa kwa shindano la chemsha bongo la Garsen. Chini yake, nyanya yake Halima alisimama katika maji ya magoti, akisugua sufuria kwa mchanga.

"Nyanya, usiku wa uhuru taa za uwanjani zilizimwa. Kwa nini?"

"Mafuta yaliisha."

"La! Bendera ya Mwingereza ilikuwa ikishushwa. Zilipowashwa, yetu ilikuwa juu."

"Kumbe walijua kuona haya." Halima akasuuza sufuria. "Babu yako hakuzimiwa taa. Alipita na mkungu wa ndizi bendera ikishushwa, askari akamchapa mbele yangu, jua bado likiwaka. Bendera ilikuwa yetu, na fimbo ilikuwa yetu vilevile."

Hapo filimbi ikalia kutoka kituo cha polisi. Kijiji kizima kiliijua desturi ya kushusha bendera jioni: filimbi ya kwanza, kila mtu husimama alipo, ya pili, kila mtu huendelea na shughuli zake. Halima akanyooka, akaielekea bendera, mgongo wake ukiuelekea mto.

Bendera ilishuka hadi nusu ya mlingoti, ikakwama. Askari Philemon akaivuta kamba. Haikusogea.

Fahima aligeuza macho majini. Kipande cha gogo kilikuwa kikielea nyuma ya nyanya yake. Kilikuwa kikipanda dhidi ya mkondo. Kisha gogo lile likafumbua macho.

Fahima akapaza sauti: "Nyanya, toka! Mamba!"

"Nyamaza. Filimbi ya pili bado."

Ng'ambo, Liban, mchungaji wa Kiorma, aliacha ng'ombe wake akapiga kelele: "Nyanya! Mamba nyuma yako!"

"Jana ulisema kiboko!" Halima alijibu bila kugeuka. "Nikakimbia, nikapoteza sabuni, ukacheka hadi ukakaa chini. Simama kama ng'ombe wako!"

"Leo ni kweli, wallahi!"

"Ni kweli, Nyanya!" Fahima alilia.

Safari hii Halima alisikia. Alitaka kutoka, lakini miguu ilikataa. Macho yake yalikuwa kwa askari, si kwa mto. Hofu ya zamani ilikuwa imemshika mapema kuliko mamba.

Ukingo ulikuwa umeliwa na mafuriko. Njia ya kushukia ilizunguka nyuma ya migomba. Fahima hangewahi. Yale macho mawili yalizama, na maji yakatulia. Utulivu ule ulimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kuona.

Alitia vidole viwili mdomoni. Halima alikuwa amemkanya tangu utotoni: mwanamke hapigi mluzi. Akapuliza kwa pumzi yote aliyokuwa nayo, mlio mrefu mkali, sawasawa na ule wa askari.

Kijiji kikaanza kutembea. Miguu ya Halima nayo ikatii. Alipiga hatua, akaanguka kwenye matope, akatambaa. Maji yalipasuka nyuma yake. Taya za mamba zikajifunga kwa kishindo juu ya sufuria aliyoiangusha, zikaenda nayo.

Fahima alipomfikia, Philemon alikuwa anashuka mbio, kofia mkononi.

"Nani amepiga filimbi? Bendera ya taifa iko nusu mlingoti, watu wanatembea kama sokoni! Nani?"

Fahima alifungua kinywa. Mkono wenye matope ukaushika wake, ukaubana.

"Mimi," Halima akasema.

"Wewe, nyanya?"

"Mimi. Kama una fimbo, ilete."

Philemon aliutazama mto, akaona povu na mburuzo wa mkia kwenye tope. Akavaa kofia yake taratibu. "Sina fimbo, nyanya," akasema.

"Basi rudi ukaikwamue kamba. Ikikataa, ngoja giza, kama Mwingereza."

Askari akapanda ukingo. Halima alisimama wima mpaka alipopotea nyuma ya migomba. Ndipo alipojiachilia, na Fahima akamdaka.