Kidonge Kabla ya Posho

"Na hao watu waliopewa vidonge vyako kwenye utafiti, walikuwa wakila nini?" Nangila aliuliza posho, ugali wetu, ikiwa bado jikoni, na badala ya kumjibu, Mama Benedicte, mgeni mwenye kuuza vidonge, akafumba macho, tuombe, na sasa anaomba, Baba wa mbinguni, tunakushukuru juu ya hii chakula, maombi hayana breki, huku Mama, mama yake Nangila, kakishika kidonge cha maharagwe meupe kwa vidole viwili, maji mkono wa pili, maana sharti kitangulie chakula, eti kinazuia wanga, ndiyo sababu sahani yake leo ina mabonge mawili ya posho, mawili!... utafiti upo, nani kabisha, Nangila kausoma, majaribio mafupi, watu wachache, mengi yamelipiwa na wauzaji, na waliovimeza walipungua kuliko wenzao wa vidonge vitupu, visivyo na dawa, kwa kilo moja hivi, pakiti ya sukari, Mama, pakiti moja ya sukari, na hakuna aliyeambiwa aache dawa ya kisukari, hakuna, lakini vidonge vya kliniki viko juu ya kabati tangu Pasaka, visigongane na hivi, na aliyesema ni huyu huyu anayeomba, aliyekiita kizunguzungu cha juzi sumu inatoka... ponyesha huyu dada yangu, Baba... dada! dada wa kumuuzia kopo kila mwezi... "Wewe wakili, hapa si chuo," Mama alikuwa amemkata mapema kule jikoni, "huyu mgeni wangu angalau hanicheki," na Nangila alikuwa na hoja tatu, anazo bado, zimenolewa, ukumbini kwenye mdahalo wangempigia meza... hanicheki... kwani nani alicheka?... kliniki, ndiyo, yule muuguzi aliyempandisha mzani mbele ya foleni nzima, akapaza sauti, mama, huu mwili wote wa nini, na foleni ikaangua kicheko, na Mama akarudi nyumbani Luzira, akavua viatu, akaenda kulala mchana... kumbe hakuikimbia dawa, aliukimbia mzani, na siku hiyo hiyo mtu akaja akamwita dada, na binti yake akamletea nini? takwimu... Baba, Baba, bado tunakuomba, posho inapoa, kidonge kiko pale pale karibu na mdomo, na Nangila, hoja zote tatu zimemchachia kinywani, akainama mpaka sikioni mwa Mama: "Mama, kesho twende kliniki, tafadhali. Mzani nitaanza kupanda mimi."