Mwenye Nyumba Haachi Mshumaa

Kwa kufunga, Vukosav hakuwa na mpinzani kijijini. Majuma yote ya kabla ya Krismasi hakugusa maziwa wala yai, na aliyemkaribisha jibini alitazamwa kama mtu anayegawa sumu. Siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wao, nyumba yake ilikuwa tayari tangu alfajiri: mshumaa mrefu, mkate wa kukatwa na kasisi, ngano ya kuchemsha, samaki, maharage na pombe kali ya matunda. Wageni wa sikukuu hiyo, slava, hawaalikwi. Huja wenyewe, na mwenye nyumba hatoki akauacha mshumaa peke yake.

Kasisi alikuja, akakata mkate mbiombio, akafungiwa samaki wa kwenda nao.

"Umepikia jeshi zima, Vukosav," alisema akivaa koti. "Jeshi lenyewe liko wapi?"

"Watakuja, baba."

Hawakuja. Dirishani aliwaona wanakijiji wakipanda kwenye theluji kuelekea kwa Tihomir, mdogo wake, aliyekuwa na mtakatifu yuleyule na siku ileile. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Sababu aliijua, na wao walijua kwamba anaijua.

Ilikuwa slava kama hii Desanka, mke wa Tihomir, alipozidiwa. Gari la kuweza kushuka mlima kwenye theluji hadi hospitali lilikuwa la Vukosav tu. Tihomir alifika akihema, hana hata koti. "Ngoja kasisi akate mkate," Vukosav alimwambia, "ni mara moja tu." Kasisi alichelewa. Desanka alifia njiani, kichwa mapajani mwa mumewe. Na Vukosav aliporudi nyumbani, kitu cha kwanza alichotazama ni kama mshumaa bado unawaka.

Sasa alisimama mbele ya samaki wasio na mlaji. Alimwomba mtakatifu amletee mtu, hata mlevi. Alasiri ilipoanza kufifia akavaa viatu, akatoka, mshumaa akauacha ukiwaka.

Tihomir mwenyewe alimfungulia, sahani ya ngano mkononi.

"Karibu, mgeni."

"Makubwa haya!" bibi Milunka alipayuka kutoka mezani. "Vukosav kamtoroka mtakatifu wake! Msogezeeni kiti kabla hajabadili mawazo."

Wakacheka, wakamsogezea. Alipewa samaki, akamiminiwa kinywaji, akaongezwa. Moyo wake ulilainika hata akaona haya. Wakati wa kuaga alimshika mdogo wake mkono pale mlangoni.

"Asante kwa kunisamehe."

Tihomir akautoa mkono wake taratibu.

"Nani kakusamehe? Leo ni slava. Leo hata mwizi wa ng'ombe wangu ningempa kiti. Njoo kesho, kaka, siku isiyo na mtakatifu. Ndipo tuone kama nitafungua."

Usiku ule Vukosav hakupata usingizi. Aliogopa, kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kwenda kwa mtu wala kwa Mungu bila kuwa na kitu cha kutanguliza: mkate, mshumaa, mfungo wake.

Asubuhi alikwenda mikono mitupu, akagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Unataka nini?"

Sala zote alizozijua kwa moyo zilimpita kichwani, hakuna hata moja iliyomfaa.

"Nilikungojesha," aliuambia mlango. "Funguo za gari zilikuwa mfukoni mwangu, Tihomir. Nilikuwa nazishika wakati unanililia. Niliogopa watu wataniona siheshimu slava. Desanka angeweza kupona, mimi nikamngoja kasisi. Nisamehe."

Jina lile hakuwa amelitamka tangu mazishi. Akaanza kulia ovyo, kamasi zikimtoka kama mtoto.

Komeo halikusogea. Ila nyayo zilikuja hadi nyuma ya mbao, zikasimama.

"Sema tena," ilisema sauti ya Tihomir, nayo ilikuwa imelowa machozi. "Sema polepole."

Vukosav alivua kofia, akaanza upya.