Kidole Kilichojua Kabla ya Mwenyewe

Kipimo cha mtafiti kilikuwa kigeugeu kuliko kinyonga. Aliyeongoza wiki hii, akipimwa tena wiki ijayo anaburura mkia.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mtu anavaa vipokea sauti na kusikiliza silabi zisizo na maana, zimefululizwa bila kituo: bidakupadotibidaku. Ndani yake yamefichwa maneno ya kubuni yanayojirudia. Mtoto mchanga huanza kuijua lugha hivyo hivyo, kwa kuhisi sauti zipi hupenda kufuatana. Mtafiti alitaka kujua nani kati ya watu wazima anakihifadhi kipaji hicho zaidi.

Siku moja watu walikuwa haba, akamwita wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi mwenye mdomo usio na breki. Wifi akasikiliza, akajibu maswali ya kuchagua lipi kati ya maneno mawili analijua, akapata nusu.

"Nusu ni nzuri?" akauliza.

"Hata ungejibu umefumba macho ungepata nusu, wifi."

"Heri ningefumba, nikapata na usingizi!"

Mtafiti alicheka, ila moyoni alisononeka. Karibu wote walipata nusu.

Jumapili walikuwa jikoni kwake wakimenya vitunguu. Wifi, machozi yakimtiririka, alikuwa anaimba kwa sauti ya chini: "Padoti, padoti, bidaku..."

Mtafiti aliweka kisu chini. "Umejuaje kwamba padoti ni neno?"

"Neno gani? Dude lako limeniganda kichwani, sasa unanisimanga?"

"Umeyakata palepale yanapokatika! Mbona kwenye maswali ulikosea?"

"Uliniuliza lipi nalijua. Silijui hata moja. Nikabahatisha."

Mtafiti alimkumbatia, vitunguu vikiwa bado mkononi. Wifi alikuwa amejifunza bila kujua kwamba amejifunza. Swali ndilo lililomtia shaka. Basi asiulizwe. Kiulizwe kidole.

Jumatatu alianza upya. Sasa msikilizaji angebonyeza kitufe kila asikiapo "ti". Sikio likishazoea kwamba "pado" huileta "ti", kidole kitawahi, lisipozoea, kitachelewa. Maswali ya zamani hakuyatupa yote. Yalikuwa na ugumu mmoja, hivyo hayakuweza kumtenganisha mtu na mwenzake. Akayaongeza, mepesi kwa magumu.

"Chanda chema huvikwa pete," wifi alinung'unika akikaa kitini, "changu kinapewa kitufe."

Mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Bwana Subiri, alitazama matokeo ya kwanza na kusema neno lake. Wakasubiri. Watu walewale wakarudi, wakapimwa tena.

Asubuhi ya majibu, mtafiti alifungua mchoro kwenye kompyuta. Awali nukta, kila moja mtu mmoja, zilitapakaa kama mchele uliomwagika. Leo zilipanda kwa mshazari, zimefuatana: aliyekuwa mwepesi mara ya kwanza alikuwa mwepesi tena, mzito alibaki mzito. Bwana Subiri alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha mzee wa watu akapiga kigelegele ambacho kiliwatoa watu ofisi ya jirani.

Mtafiti alimpigia wifi simu papo hapo.

"Kimekubali! Kipimo kimekubali!"

"Hongera, wifi yangu! Haya, na mimi ni wa ngapi?"

Mtafiti alisita. "Uko... katikati kabisa."

"Katikati ndiko wanakoketi maharusi," wifi akasema. "Nakuja kukupongeza."